Mteremko wa Port Sable

Jumapili ya mchezo wa mwisho wa msimu wa mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa na kudakwa kwa mikono, Wanda Pruchniak aliwasili mapema kwenye maegesho ya uwanja wa Port Sable, akashusha jiko la mkaa kutoka nyuma ya gari lake na kuweka tofali chini ya miguu miwili ya jiko hilo, ile ya upande wa mashariki. Majirani zake wa maegesho walikuwa wakifanya vivyo hivyo, kila mmoja kwa tofali lake au kwa kipande cha gogo. Bila kufanya hivyo soseji zingebiringika zote upande mmoja na kuungua kwa pamoja, kwa sababu Port Sable, mji wa wachimba chumvi ulioko kando ya Ziwa Erie huko Marekani, umeinama kuelekea mashariki, iliko pwani na miji yake mikubwa. Haukuinama kwa siku moja. Watu wa makamo bado wanaukumbuka wakati ambapo gololi ikiwekwa mezani hutulia. Hata hivyo, hawausimulii kwa uchungu. Huusimulia kama watu wengine wanavyosimulia bei za zamani.

Uwanjani ndiko mwinamo ulikokuwa mkali zaidi. Upande ambao timu ya mji, Wachimbachumvi, walikuwa wakiulinda, ndio uliokuwa chini. Timu zilipobadilishana pande mwishoni mwa kila robo ya mchezo, ardhi ilikoroma kidogo, ikainuka huku na kushuka kule, na watazamaji wakazishika bilauri zao za bia mpaka imalize. Wageni, kwa hiyo, walicheza wakiteremka, na wenyeji wakipanda. Kila mwaka ligi ilimtuma mkaguzi mwenye pimamaji la kupimia usawa wa ardhi, lililotengenezwa pwani, na kila mwaka kiputo chake kilitulia katikati kabisa. Mkaguzi alikula soseji ya Wanda, akashukuru, akaondoka.

Dawa iliyotolewa na ligi kwa wanyonge ilikuwa moja: timu iliyoshika mkia ilipewa nafasi ya kwanza, kila majira ya kuchipua, ya kujichagulia kijana bora kutoka vyuoni. Port Sable ilikuwa imechagua vijana bora wengi. Iliwalisha, ikawafundisha, ikawavumilia walipodondosha mipira, na walipoiva walibiringika kwenda pwani.

Wanda aliyajua haya kwa karibu kuliko wengi, kwani tangu mumewe Kazimir afariki alikuwa akiwapangisha wachezaji wapya chumba cha ghorofani. Sakafu ya chumba hicho ilifuata mwinamo wa kawaida wa mji mradi tu mpangaji alikuwa mchezaji wa kawaida. Kijana alipoanza kuwa hodari, sakafu nayo ilizidi kuteremka. Kwanza viatu vilihamia ukuta wa mashariki, kisha kiti, kisha kitanda. Mpangaji mmoja, mrushaji mwenye mkono wa ajabu, aliondoka katikati ya chakula cha jioni, ameketi kitini, kijiko kikiwa bado mkononi. Watu wa pwani walikuwa waungwana, wakamrudishia Wanda kiti chake kwa posta.

Mpangaji wa sasa aliitwa Deshon Ballard, mdakaji wa mipira kutoka Alabama. Alipofika hakuwa anadaka chochote. Mikono yake ilikakamaa kwa baridi ya ziwa, na magazeti yalimwita Ndoo Iliyotoboka. Wanda alimfuma glavu, akampikia pierogi, yaani sambusa za kuchemsha za viazi, akamfundisha kukoleza tanuri la chini ya nyumba. Naye aliparua theluji barazani bila kuambiwa, alirekebisha mfereji wa paa, na jioni aliimba jikoni kwa sauti nene iliyofanya vifuniko vya sufuria vitetemeke. Katika mwaka wake wa tatu alianza kudaka kila kitu. Wanda alikigongomelea kitanda chake misumari sakafuni. Alitaka kijana huyu abaki. Hakuwa ametaka jambo lolote kwa nguvu kiasi hicho tangu alipotaka Kazimir apone.

Ijumaa kabla ya mchezo huo, Deshon alikula akiwa ameishikilia sahani kwa mkono mmoja. Mkataba wake na Wachimbachumvi ulikuwa unakwisha, na wapinzani wa Jumapili walikuwa Wafalme wa Pwani, ambao hawakuwahi kufungwa Port Sable tangu mji uiname.

"Mama Wanda," alisema, "mimi hata sijui kama ni mchezaji au ni mpanda mlima. Nikiwashinda hawa hapa nyumbani mara moja tu, pakiwa tambarare, Jumatatu naenda ofisini nasaini. Nabaki."

"Maliza kabichi," alisema Wanda, akamwongezea kijiko kimoja.

Sasa, pale maegeshoni, shemeji yake Stosh, mdogo wake Kazimir, alikuwa akigeuza soseji zisizo zake na kueleza kwa nini leo ilikuwa heri kufungwa. Wachimbachumvi hawakuwa wameshinda mchezo hata mmoja msimu huo. Wakifungwa katika huu pia, chaguo la kwanza lingekuwa lao, na huko Nebraska kulikuwa na kijana anayerusha mpira mbali hadi watu hupumzika wakiungoja utue.

"Shemeji, leo tufungwe kwa roho safi," alisema. "Tukishinda tumejiharibia."

"Na huyo wa Nebraska ukishampata utamfungia wapi?"

"Kwako. Si wewe ndiye mwenye misumari?"

Watu walicheka, na Wanda pia alicheka, kwa sababu Stosh alikuwa akiombea kufungwa kila mwaka na hakuwa na ubaya.

Waliingia, kila mtu akaenda kwenye kiti chake. Katika Port Sable viti vya uwanjani hurithiwa. Huandikwa kwenye wosia mbele ya nyumba na gari. Wenzi waliotalikiana, akina Dombrowski, walikuwa wameketi bega kwa bega kwa nusu ya maisha yao bila kusemezana, maana hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake kiti cha ukoo. Wanda aliendelea kukilipia kiti cha Kazimir, na juu yake aliweka kofia ya sufu ya marehemu. Hakuna aliyepata kuketi mahali pengine. Nyuma ya milingoti ya magoli, katika ncha zote mbili za uwanja, safu nyingi zilikuwa tupu. Zilikuwa za familia zilizohamia pwani, ambazo ziliendelea kulipia viti hivyo na kutuma kadi za Krismasi.

Robo ya kwanza ilikwenda kama zilivyozoea kwenda robo za kwanza. Wafalme waliteremka kwa mbio nzuri, wakavuka mstari, wakateremka tena. Mrushaji wa Port Sable aliurusha mpira juu ya mlima, nao ukaenda hatua chache, ukafikiri, ukamrudia juu ya kichwa chake. Deshon alikwea kwa vidole vya miguu, mvuke ukimtoka puani, akageuka kuutafuta mpira uliokwisha kurudi chini.

Wanda alimtazama akikwea. Alikumbuka kwamba kila alipobadilisha mashuka ya chumba cha juu, kabla ya enzi za misumari, aliketi kwenye ncha ya kitanda iliyo upande wa juu, na kitanda kikatulia. Lilikuwa jambo dogo la nyumbani na hakuwahi kulifikiria nje ya nyumba. Mwanzoni mwa robo ya pili, ardhi ilipokwisha kukoroma na kuinama upya, alichukua kofia ya Kazimir, akasimama, akatembea kuzunguka uwanja mpaka nyuma ya milingoti ya upande wa juu, akaketi kwenye kiti cha familia ya Halvorsen, waliohamia pwani.

Mlinzi wa majukwaa alimwendea. "Mama, hiki si kiti chako."

"Najua, mwanangu. Nakikalia kidogo tu."

Mlinzi alikuwa mzaliwa wa mji huo, akaelewa ukubwa wa jambo hilo. Alivua kofia yake, akaketi naye.

Kutoka kule mbali Stosh alipaza sauti akimuuliza kama amepotea njia. Wanda alijibu kwamba amechoka kuegemea. Kwa muda hapakutokea kitu. Kisha Bi Dombrowski alisimama. Bwana Dombrowski, ambaye hakukubali kuachwa tena na mwanamke yule yule, alisimama pia. Baada yao ilisimama safu nzima, na safu ya nyuma yake, wakaja na mablanketi yao, chupa zao za chai, na babu zao waliobebwa mikononi. Wengine walikuwa wakilia, kwa sababu viti walivyoviacha vilikuwa vya baba zao. Wa mwisho kufika alikuwa Stosh, mtu wa uzito wa kutosha, akikokota kasha la barafu.

"Nimefuata bia tu," alisema, akaketi.

Alipoketi, ardhi ilikoroma. Upande wa juu ulishuka taratibu, na ule wa chini ukapanda kuupokea. Refa aliuweka mpira chini na kuuondolea mkono. Mpira ulikaa. Aliutazama kidogo, akapuliza kipenga.

Hatua ya kwanza Deshon alianguka kifudifudi, kwa kuwa alikuwa ameinama mbele kuukabili mlima usiokuwapo. Wafalme nao walianguka, wengi wao chali, maana miguu yao ilikuwa haijazoea kukimbia bila kusukumwa na ardhi. Kwa dakika kadhaa timu mbili zilijifunza kutembea. Baada ya hapo ulichezwa mpira, na watu wa Port Sable waliokuwa na umri wa kukumbuka waliwaambia waliokuwa wadogo kwamba huu sasa ndio wenyewe. Wafalme hawakuwa wabaya. Walikuwa watu kama watu, wenye magoti yanayouma na makosa yao, na hilo lilimfanya Wanda awapende kidogo.

Mwisho wa kila robo, timu zilipobadilishana pande, umma wote ulisimama na kuvuka kwenda ncha ya pili. Theluji ilikuwa imeanza. Walipita wakisaidiana ngazi, wakikabidhiana watoto, wakiombana radhi kwa kukanyagana. Zikiwa zimesalia sekunde chache, mrushaji aliutupa mpira kutoka katikati, nao ukaenda ulikotumwa. Deshon alikuwa amekwisha kufika. Aliudaka kwa mikono miwili nyuma ya mstari, kimya, kama mtu anayepokea sahani jikoni. Wachimbachumvi walishinda. Hapakuwa na kelele nyingi, kwa kuwa watu walikuwa wanahema. Wengi walirudi kwanza kwenye viti vyao, wakaketi humo kidogo, ndipo wakaenda nyumbani.

Jumatatu asubuhi sakafu ya chumba cha Deshon ilikuwa na mteremko wa paa. Pwani nzima ilikuwa imemwona akicheza pakiwa tambarare. Aliingia jikoni akiwa ameshikilia fremu ya mlango, akanywa kahawa akiwa ameshikilia fremu ile ile, akasema anakwenda kusaini kama alivyoahidi.

Ofisi ya timu iko magharibi ya mji. Wanda alivaa koti na kumfuata. Deshon alipanda Mtaa wa Nne akishika nguzo za taa, moja baada ya nyingine, na Wanda nyuma yake akimsukuma kwa viganja vya mikono kati ya mabega. Stosh, aliyekuwa bado na huzuni ya kijana wa Nebraska, aliacha kuparua theluji akaja kusukuma pia, na baada yake muuza mikate, na akina Dombrowski, kila mmoja kwa upande wake. Walimfikisha hadi kona ya kanisa. Hapo miguu yake ilianza kurudi nyuma, nayo ya wote waliomsukuma ikarudi pamoja naye, mpaka mlangoni kwa Wanda. Walijaribu tena. Mara hii hawakufika kwa muuza mikate.

"Niache nijaribu mara moja zaidi," alisema Deshon. Magoti ya suruali yake yalikuwa yamechanika.

"Basi, mwanangu," alisema Wanda. "Keti."

Alimtolea kiti kizuri, kile chenye mikono, kwa kuwa safari ni ndefu. Alimwekea pierogi mapajani kwenye bakuli lenye kifuniko, akamfunga skafu, akamwambia awe anavaa soksi mbili hata kama huko hakuna baridi. Deshon aliushika mkono wake, na kwa muda mkono huo ndio uliomzuia. Kisha Wanda aliuachia, kwa kuwa bega lake mwenyewe lilikuwa linachomoka. Kiti kilishuka barazani na kushika barabara ya mashariki. Watu walifungua mageti, wakawashika mbwa wao, wakampungia. Deshon naye aliwapungia, akiwaita kwa jina mmoja mmoja, uso wake ukiwaelekea wao na kisogo chake kikielekea pwani.

Kwa ushindi ule mmoja, Port Sable haikushika tena mkia. Kijana wa Nebraska alichaguliwa na timu nyingine, nayo ni ya pwani. Mkaguzi alikuja na pimamaji lake. Ligi iliongeza kanuni kwamba kila mtazamaji aketi kwenye kiti kilichoandikwa kwenye tiketi yake, kwa usalama.

Majira ya kuchipua yalipofika, Deshon alipiga simu. Alisema amepata nafasi kwa Wafalme, nyumba yake ina madirisha makubwa, na wenzake ni watu wema.

"Huku mpira ukiuweka chini unakaa, Mama Wanda. Popote. Nimewaeleza habari za kwetu, na hawanibishii, wananisikiliza kwa adabu. Halafu wanasema wao wanashinda kwa sababu wanafanya mazoezi."

Wanda alimuuliza kama anawaamini.

"Asubuhi nikiamka," alisema Deshon, "naanza kuamini kidogo."

"Basi njoo ututembelee kabla hujaamini kabisa."

Alijibu kwamba ameshajaribu mara mbili, na kwamba njia yote ni ya kupanda. Wanda alisema anajua. Kisha alimuuliza leo amekula nini, naye akaanza kumweleza, na Wanda akavuta kiti akaketi kumsikiliza.