Karatasi Ndani ya Koti la Luhende

Siku ya kugawa nguo za marehemu, Justina alipewa koti la kahawia, lile ambalo mumewe Luhende alilivaa kila alipokwenda kununua pamba kwa niaba ya kampuni binafsi. Alipolikung'uta, kitu kikachakarika ndani ya bitana. Akafumua uzi kwa meno.

Ilikuwa barua ya hospitali, kutoka Mwanza. Juu Kiingereza, chini daktari aliandika kwa mkono:

"Ndugu Luhende, kipande cha ini tulichokitoa kimepimwa. Una virusi vya homa ya ini aina ya B, na vimekaa mwilini miaka mingi. Kila chembe ya ini ina DNA, yaani vinasaba, yenye kipimo chake. Chembe zako nyingi zimezidisha kipimo hicho, wala hazilingani. Nahofia ini linaelekea kwenye saratani. Rudi upesi."

Tarehe 3 Juni 1995.

Justina akakaa chini. Agosti ya mwaka huohuo, mama yake, Nyanjige, alifukuzwa kijijini kwetu Nkololo. Tumbo la Luhende lilikuwa limejaa kama mtungi, macho ya njano, na mganga akasema mkono uliomroga ni wa mama mkwe. Luhende aliinamisha kichwa mbele ya watu, asitie neno. Justina ndiye aliyemfungia mama yake mzigo.

Alimfuata Ngeleja, kaka wa marehemu.

"Shemeji, barua hii uliijua?"

"Alinionyesha."

"Mkamwacha mama yangu afukuzwe kama mbwa?"

"Shemeji, virusi! Wakati ule ungetamka neno hilo hapa? Wangesema ni UKIMWI, basi. Nani angempelekea pamba? Aliyerogwa hupewa pole."

"Na aliyesingiziwa hupewa nini?"

Ngeleja akatazama viatu vya marehemu. Alikuwa amekwisha kuvivaa.

Kesho yake Justina alipanda lori la pamba, koti mkononi, hadi Malampaka, ambako mama yake aliishi kwa mdogo wake, nyuma ya stesheni. Alimkuta akipepeta mchele. Akamsomea barua yote, akiitafsiri kwa Kisukuma polepole. Ungo haukusimama.

"Agosti ile mumeo alikataa chakula cha kila mtu," mama alisema mwishowe. "Akanywa uji wangu. Mabakuli mawili. Karatasi hiyo alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo, mayu."

"Kumbe alijua uji wangu hauna kitu." Akapuliza pumba. "Yeye alikuwa na barua, akanyamaza. Wewe hukuwa na barua, mwanangu. Wewe uliamini."

Justina akapiga magoti kando ya ungo.

"Twende nyumbani, mayu. Jumapili nitaisoma kanisani, wote wasikie."

"Kasome. Taja na tarehe." Mama akachota mchele mwingine. "Ila mimi usinitafute kwenye mabenchi yao. Nipo hapa."

Justina aliikunja barua, akaitia kifuani. Koti aliliacha palepale, juu ya pumba.