Maji ya Dawa

Kuku wa tano wa Mama Consolate alikufa Jumanne asubuhi, shingo imepinda. Zilikuwa zimebaki wiki mbili Noeli ifike.

"Tazama!" Mama Consolate alimwinua kwa miguu juu ya ukuta uliomtenga na jirani yake. "Laurette, weye kuku zako ziko namna gani?"

"Ziko tu, mama."

Laurette alijibu akitazama chini. Alfajiri alimsikia mtetea wake mmoja akikohoa.

Chupa moja ya chanjo inatosha kuku mia, na pale Songo hakuna mwenye kuku mia. Kwa hiyo mwezi uliopita nyumba tatu zilichanga, zikanunua chupa moja kwa Clovis, yule anayezunguka na termosi ya barafu. Kazi ya kuichanganya na maji walimpa Laurette, kwa sababu ni msafi na hana maneno mengi.

"Ile chanjo ni feki," alisema Mama Émérance wa nyumba ya tatu, akija na ndoo yake. "Siku hizi kila kitu ni feki. Sabuni haitoi povu, batri inakufa kwa siku mbili."

"Sasa Noeli nitapika nini? Kuku ya karatoni?"

"Ile ya barafu haina hata firigisi! Baba mkwe utamwekea nini kwa sahani? Barafu?"

Walicheka, lakini Mama Consolate aliacha mapema. Mzee alikuwa anatoka Katogota kwa ajili ya sikukuu, na kwake firigisi ndiyo salamu. Asipoiona, atajua hakuchinjiwa.

Wakati huohuo Clovis alipita barabarani. Mama Consolate alimkimbilia, akashika mkanda wa termosi.

"Mwizi! Nirudishie kuku zangu! Leo hii barabara utaihama!"

Watu walianza kutoka majumbani.

"Mama, watu wa Kalundu walichukua chanjo ya siku ileile, kuku zao ziko zinawika," Clovis alisema. "Mulichanganya na maji gani?"

"Maji safi!"

"Safi namna gani? Yale ya dawa?"

Tangu kipindupindu kimlaze mama yake, Laurette hakuingiza nyumbani bidoni ya maji ambayo haikutiwa dawa ya klorini kule ziwani. Na siku ya chanjo alichagua ile iliyonuka dawa kuliko zote, ili kuku wapate maji bora.

"Dawa ile inaua vidudu," Clovis alisema. "Na chanjo ndani yake ni kidudu kizima. Ukikiua, umenywesha kuku maji tu."

"Usimsingizie mtoto wa watu!" Mama Émérance alifoka. "Laurette anajua maji kuliko weye."

Wote walimgeukia. Ilitosha atikise kichwa tu, na Clovis angeondoka na aibu yake. Lakini wale kuku waliobaki wasingechanjwa tena.

"Ni minye," alisema.

Hakuna aliyesikia. Akarudia, mikono imekamata kanga.

"Ni minye. Nilitia maji ya dawa."

Mama Consolate aliachia mkanda polepole.

"Waliobaki wazima, tuwachanje leo," Clovis alisema. "Maji ya mvua yako?"

Yalikuwepo, chini ya bati la Mama Émérance. Clovis alitoa chupa mpya kwenye termosi, wakaichanganya mbele ya macho ya wote. Kisha Mama Consolate aliingia katika ua wa Laurette bila hodi, akachagua jogoo mwekundu, akamfunga kitambaa cheupe mguuni.

"Huyu ni wa baba mkwe. Nitamchukua siku ya mkesha. Akiwa mzima."

Tangu siku hiyo Laurette hafungui banda kabla ya kutega sikio. Anasimama nje, pumzi ameizuia, akisubiri jogoo awike.