Ngoma Ilipoliita Shamba la Bweni

Violeth alikuwa kiranja wa bwalo, na ukiranja ulikuwa umempanda kichwani. Muhula uliopita aliwafukuza wanafunzi wa kutwa kwenye tangi la maji, eti maji ni ya bweni, wao wakanywe kwao. Na kwao ni vijijini huko Sapiwi, mwendo wa kukausha koo. Basi fikiria alivyojikokota Jumatano ile kumfuata Kija, msichana wa kutwa wa darasa lake, kwenda kumwomba msaada.

Shida ilikuwa shamba. Shule yao, hapo wilayani Bariadi, ililisha bweni kwa mahindi yake yenyewe, na wa bweni ndio waliolima. Mwaka huu walizembea. Mvua za kwanza zilikuwa zinanukia, na sehemu kubwa ya shamba bado ilikuwa majani matupu. Mkuu wa shule, Mwalimu Josia, hakuzunguka: lisipolimika hadi Jumamosi jioni, bweni linafungwa, kila mtu asome akitokea nyumbani. Wenzake Violeth wa wilaya jirani, Maswa na Meatu, walikuwa na shangazi Bariadi mjini wa kuwapokea. Violeth kwao ni Tanga. Mjomba aliyemlea alishasema akirudi huko, shule basi, atakaa dukani kuuza. Hilo ndilo lililomnyima raha.

Kija alimsikiliza huku akifuta vumbi kwenye baiskeli yake, polepole, kwa makusudi.

"Kwani tangi limekauka?"

"Nilikosea, Kija. Nisamehe."

"Haya, yameisha. Ila kwetu mtu haombwi kulima kama anaombwa kiberiti. Unaita ngoma. Na anayeita, anapika."

Wa bweni walinung'unika wee, mwisho wakakubali kutoa wali wao wa Jumamosi, wali pekee wanaouona kwa wiki nzima. Violeth aliwahesabu wa kutwa darasa kwa darasa, akapima mchele na maharage kwa hesabu hiyo, akajiona mjanja kweli. Kija akaupeleka mwito wake Sapiwi.

Jumamosi asubuhi ngoma ilisikika kabla watu hawajaonekana. Wa kutwa walitangulia, majembe begani. Nyuma yao walikuja mama zao. Nyuma ya mama zao wakaja vijana wachungaji, wanakwaya wa parokiani, mganga mmoja na shanga zake shingoni, na hata mzee mmoja aliyewahi kugombana na shule juu ya ng'ombe wake. Kija hakuwa amemwambia Violeth lolote kuhusu umati huo, kwa sababu kwake halikuwa jambo la kuambiana: ngoma ya kulima ikilia, anayeisikia anabeba jembe. Violeth alitazama sufuria zake, akahesabu vichwa upya, akaona chakula hakitafika popote.

Lakini hofu yenyewe haikupata nafasi. Watu walijipanga mstari mmoja kutoka mpaka hadi mpaka, wa bweni kati ya wa kutwa, hakuna aliyepanga. Ngoma ikabadilika. Majembe yote yakapanda juu kwa pamoja, yakazunguka hewani, yakadakwa, yakashuka kwa pamoja. Ardhi ilitikisika chini ya miguu yake. Udongo uliowashinda mwezi mzima ulikuwa unageuzwa kama chapati kikaangoni, na mstari ule ulisonga mbele bila mtu kuhema. Violeth alijiona mdogo, mdogo kabisa, na ajabu ni kwamba alifurahi kuwa mdogo hivyo. "Mungu wangu," alisema. Kija alimcheka, akamvuta mstarini. Mwanzoni alichelewa kila pigo. Baadaye mikono yake ikawa kama si yake tena.

Jua lilipofika utosini, shamba lilikuwa limekwisha. Watu wakageukia jikoni.

Violeth alimfuata Mayu Domitila, mama yake Kija, akapiga magoti na kumsalimu kwa Kisukuma kama alivyowaona wa kutwa wakifanya.

"Mwadila, mayu. Nimewaaibisha. Nilipikia wanafunzi tu, chakula hakitoshi."

Mama alitazama sufuria, akatazama watu. "Lete masinia, mwanangu. Tutakula hichohicho."

Wakakaa chini wakizunguka masinia, wa bweni, wa kutwa na wazazi, kila mmoja akimega tonge na kumsogezea mwenzake. Hakuna aliyeondoka.

Hapo ndipo Mwalimu Josia alipofika na pikipiki yake. Alisimama ukingoni mwa shamba, kofia ngumu mkononi, akalitazama mpaka watu wakaanza kukonyezana. Mtu na shahada zake, mdomo wazi.

"Nani kawaita watu wote hawa?" aliuliza hatimaye.

Violeth aliinuka kujibu. Mayu Domitila, aliyekwisha kusimuliwa na Kija habari za Tanga, akamwahi, wali ungali mdomoni.

"Mwenye shamba."

"Shamba ni la shule, mama."

"Aliyetuita na kutupikia ndiye mwenye shamba. Ni huyu hapa. Na mwenye shamba, Mwalimu, haendi Tanga kabla ya kuvuna."

Mwalimu Josia aliligeukia tena shamba, akacheka, akavua viatu na kuuliza kama kuna nafasi kwenye sinia. Wakamsogezea. Violeth alikaa karibu na Kija, akalia mbele za watu wote, wala hakuona aibu.