Mtahiniwa Awe Peke Yake

"Zungusha kompyuta taratibu. Nataka kuona chumba chote."

Binti aliinua kompyuta ya kuazima kwa mikono miwili, kama aliyebeba sufuria ya maji ya moto, akaizungusha. Ikaonyesha kitanda alicholala na mama yake, ndoo ya maji, vyombo vilivyofunikwa juu ya stuli na nguo zilizoning'inia msumarini. Nguo za ndani aliwahi kuzificha. Beseni la bibi la kujisaidia alilisahau, nalo likapita mbele ya kamera mpaka akatamani ardhi immeze. Msimamizi mwenyewe hakuonekana. Alikuwa sauti tu, na kwenye kioo palikuwa na duara jeusi mahali pa uso wake.

"Nyuma ya pazia kuna nini?"

"Bibi yangu."

"Atoke."

"Hawezi kutembea mwenyewe. Na huko nje wanakamata watu."

"Mtahiniwa, kanuni unazijua."

Alizijua. Chuo cha ualimu kilifungwa ugonjwa ulipoingia mjini, na mitihani ya mwaka wa mwisho ikahamishiwa majumbani. Kanuni ya kwanza ilisema mtahiniwa awe peke yake chumbani. Serikali nayo ilisema kila mtu abaki ndani, isipokuwa wa kazi za lazima kama mama yake. Waliotunga amri hizo mbili labda hawajawahi kulala watatu chumba kimoja, au waliwahi wakasahau. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Baada ya kuvutana, sauti ikakubali bibi abaki, mradi asisikike. Mtihani wa takwimu ukafunguka. Joto la bati lilimshukia binti mabegani, jasho likamtiririka mgongoni, lakini maswali yalikuwa ya kawaida, tena mengine aliyapenda. Akainama, akafanya kazi. Alikuwa amefika katikati aliposikia:

"Mke mwenza!"

Ndivyo bibi alivyomwita tangu akiwa wa kubebwa, utani wa bibi na mjukuu ambao haujawahi kuzeeka.

"Abee!"

Lilimtoka kabla hajalifikiria. Binti aliyelelewa na bibi yule huitika hata usingizini. Kunyamazia mwito wa mkubwa, bibi alizoea kusema, ni kumzika angali hai.

Maswali yakatoweka. Kioo kikabaki cheupe.

"Mtahiniwa, unaongea na nani?"

Bibi alitaka kujua tu kama mama amerudi kutoka kazini.

Kikao cha nidhamu nacho kilikuwa kwenye kompyuta. Safari hii watu walikuwa na nyuso: mwenyekiti, mwanamke mwenye miwani, na mwanamume mmoja aliyekuwa akila kitu huku ameinamisha kichwa. Nyuma ya kila mmoja palikuwa na ukuta mtupu, safi, na mlango uliofungwa. Binti aliitazama ile milango kwa wivu.

"Aliyekuita alisema 'mke mwenza,'" mwenyekiti alianza. "Kwenye taarifa zako umejaza kwamba hujaolewa."

"Ni utani tu, mheshimiwa. Wa bibi na mjukuu."

"Kikao hiki si cha utani. Alikuita ili akupe nini?"

"Hakunipa kitu. Aliniita, nikaitika."

"Amesoma mpaka wapi huyo bibi?"

"Hakusoma. Hajui hata kuandika jina lake."

"Hayo unasema wewe," alidakia mwanamke wa miwani. "Sisi tutajuaje? Na kwa nini macho yako yalikwenda kulia kabla hujaitika?"

"Kuna panya, mheshimiwa."

Yule aliyekuwa akila aliinua kichwa kwa mara ya kwanza, akamtazama, akarudi kwenye sahani yake.

"Wenzako wamejiongeza," mwanamke alisema, sasa kwa upole, na upole ule ulimuuma binti kuliko ukali. "Wengine wamepanga vyumba hotelini. Wewe umechukua hatua gani?"

Kila jibu lililomjia lingekuwa utovu wa nidhamu. Wakampa nafasi ya mwisho. Atarudia mtihani, na sikio la kompyuta litakuwa wazi mwanzo hadi mwisho. Neno moja likimtoka, hata kama ni la kumjibu mgonjwa, atakuwa amejifukuza mwenyewe. Mwenyekiti alilirudia hilo la kujifukuza, ili lieleweke.

Jioni mama alirudi kutoka kiwandani, alama za mpira wa barakoa zimemchora mashavuni. Barakoa alizishona kutwa nzima, na yake mwenyewe aliivaa mpaka ikachakaa. Alisikiliza habari ya kikao huku akiloweka miguu. Kisha akaangalia pazia, akashusha sauti.

"Niambie ukweli mimi mama yako. Hukuibia?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Watu wazima watatu wakae kikao bure? Lisemwalo lipo."

Binti alisukuma sahani yake kando. Alilala ameupa ukuta uso, na mama naye alikohoa kidogo kama mtu anayetaka kuomba radhi na hajui aanzie wapi.

Siku ya kurudia ilipokaribia, binti alimwendea mama mwenye nyumba, wa chumba cha mbele, kumwomba bibi ashinde kwake asubuhi ile tu. Mwenye nyumba alisimama mlangoni na mtandio puani, akamnyooshea ufagio abaki mbali.

"Hicho kikohozi kinachosikika kwenu, cha nani?"

"Cha bibi. Ni cha moshi wa mkaa, mama, cha miaka yote. Wewe mwenyewe unakijua."

"Nilikijua zamani. Siku hizi sikijui." Aliukazia macho mlango wa chumba chao. "Na mkizidi kukohoa nitapiga simu waje wawachukue. Usije ukasema sikukwambia."

Ikabaki kumwambia bibi mwenyewe. Binti alichuchumaa kando ya godoro, akapanga kila kitu karibu: maji, kitambaa, beseni, mkongojo.

"Kesho usiniite, bibi."

"Nisikuite?"

"Mpaka nimalize. Wanasikiliza."

"Kina nani?"

"Wa chuo. Wanadhani unanifundisha majibu."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Alipoona mjukuu hacheki, naye akaacha.

"Basi nimekuwa mwizi uzeeni," alisema. Tangu hapo hakuongea. Alipopewa kikombe alikipokea bila kumtazama. Amenuna, binti aliwaza, na ananuna sasa hivi, wakati mbaya kuliko yote.

Asubuhi, duara jeusi lilikuwa mahali pake. Alizungusha kompyuta bila kuambiwa. Beseni safari hii halikuonekana. Maswali yakafunguka, akaanza kujibu, na kwa muda mrefu chumba kilikuwa kimya kiasi cha kusikia bati likilia kwa joto.

"Mke mwenza."

Sauti ilikuwa ndogo. Binti aling'ata ulimi. *Abee* ilipanda, ikafika kooni, akaimeza kama mfupa.

"Mke mwenza, njoo mara moja."

Maandishi yakatokea kwenye kioo: *Mtahiniwa, tazama mbele.* Akatazama mbele. Alijua mguu mmoja tu ukiinuka, ualimu ataishia kuusikia kwenye bomba, na mama ataendelea kushona barakoa mpaka macho yafe. Akaandika jibu, akalifuta, akaliandika tena.

Nyuma ya pazia mkongojo ulikwaruza sakafu. Kisha kitu kikaanguka, kizito, na baada yake kikombe kikaviringika kwa muda mrefu.

"Mama," bibi aliita. Halikuwa jina la utani tena. Lilikuwa neno ambalo mtu yeyote huliita. "Mama wee."

*Anafanya makusudi*, binti aliwaza. *Ananikomoa kwa sababu nilimkataza.* Wazo lile lilikuja tayari limekamilika, kwa sauti ileile ya mwenyekiti, na yeye akalishika kwa mikono miwili kwa kuwa lilimruhusu kubaki kwenye kiti. Akamaliza swali lililobaki. Akarudi mwanzo akahakiki, kama walivyofundishwa. Akabonyeza. Duara jeusi likazimika.

Ndipo alipolivuta pazia.

Bibi alikuwa sakafuni, amelalia mkono, nguo zimelowa maji ya kikombe. Beseni lilikuwa mbali na mkono wake, kwenye kona binti alikolisukuma asubuhi ile ili lisionekane kwenye kamera. Macho yalikuwa wazi. Midomo ameibana kwa meno, mpaka alipoona uso wa mjukuu.

"Umemaliza?" aliuliza.

Zahanati walimtazama kupitia dirisha, wakasikia kikohozi, wakafunga dirisha. Mama aliufunga ule mkono kwa kitambaa cha barakoa alichotoka nacho kiwandani ndani ya sidiria. Ulivimba, ukabadilika rangi, ukakaa hivyo.

Majibu ya kikao yalikuja kwenye simu. *Sauti ya mtu mwingine imesikika mara kadhaa katika kurekodiwa kwa mtihani. Mtahiniwa hakuijibu wala hakugeuka. Kikao kimeridhika na uaminifu wake.* Mama alisoma, akasoma tena, akampongeza binti kwa sauti isiyo na nguvu, akaenda kuinjika maji.

Kompyuta ya kuazima ilikuwa bado mezani, imefungwa, ikisubiri kurudishwa kwa mwenyewe. Binti alikaa kitandani akilitazama pazia. Bibi hakuwa ameita tangu siku ile. Akitaka maji alisubiri mtu apite. Usiku alisikika akiugulia ndani ya kitambaa.

Kitu kilijongea nyuma ya pazia, pengine panya.

"Abee, bibi?" binti aliitika, akaruka, akalifungua.

Bibi aliitazama kwanza kompyuta. Kisha akasogeza kinywa upande wa ile kompyuta na kusema kwa nguvu, neno kwa neno, ili waliomo humo wasikie vizuri:

"Mimi sijamwita mtu."