Bwawa la Lidwina

Bashiru alikuwa mwashi ambaye mtaa wa Mjimwema, Songea, ulimwamini kwa ukuta na kwa neno. Alizaliwa Namasakata, upande wa Tunduru, kazi ikamleta Songea, akaoa, akakaa. Katika mfuko wake wa zana haikukosekana pimamaji ya mbao aliyoirithi kwa marehemu mwalimu wake wa ufundi. Mwalimu huyo alizoea kumwambia kwamba kipovu kile kilichomo ndani ya kioo hakimwonei mtu haya, na fundi naye asimwonee mtu haya. Bashiru aliyahifadhi maneno hayo kama alivyozihifadhi sura fupi za msahafu. Siku ya kuyahitaji yakamponyoka.

Mzee Hironimus alimwita mwezi wa Novemba, ardhi ingali kavu. Binti yake Lidwina, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameanguka na pikipiki katika barabara ya Namtumbo, na tangu siku hiyo miguu yake ilisikia ikiguswa, lakini haikusimama. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amesema kwamba ndani ya maji ya kifuani mwili hupungua uzito, na miguu huenda ikaikumbuka kazi yake. Ila mazoezi yaanze mapema, kabla misuli haijanyauka. Basi kaka yake Lidwina aliyeko Dar es Salaam akatuma bwawa la kusimamishwa juu ya ardhi: mabomba ya chuma ya kuunganishwa kwa pini, na turubai zito la buluu la kutandazwa ndani yake, upana futi kumi na tano, kimo futi nne. Likafika limefungwa kama mzigo wa mitumba. Mzee akaupapasa ule mzigo kwa viganja viwili, kama mtu apapasaye kichwa cha mtoto.

Uwanja wa nyumba ile ulikuwa mmoja, nao uliteremka. Chini ulikomea kwenye ukingo wa mawe, na nyuma ya ukingo kulikuwa na rundo la matofali ya kuchoma. Juu ulianzia kwenye msalaba wa saruji, na chini ya msalaba huo alilala Kasiana, mke wa mzee.

Bashiru akavuta kamba, akaweka pimamaji, akaona upande wa chini umepungukiwa na futi moja na nusu. Kanuni ya kazi ile ni moja. Hukatwa juu pakalingana na chini. Hapajazwi chini pakalingana na juu, maana udongo wa kujaza hukaa kwa hisani tu, na maji hayana hisani. Lakini ili kukata, jembe lingalifika hatua tatu kutoka kaburini. Mzee akakataa. Wazee wa ukoo wake walikuwa na neno lao, kwamba jembe lililozika halirudi mahali pake. Likirudi, huja kutafuta mwingine.

Yamkini Bashiru angalisisitiza. Lakini mzee alikuwa na umri wa baba yake, mtu wa kuamkiwa shikamoo kila asubuhi, na kumpinga mzee wa namna hiyo uso kwa uso ni utovu wa adabu. Ilikuwepo njia moja tu. Bashiru alikuwa Myao na mzee Mngoni, makabila yenye utani, na katika utani neno lolote hupita. Bashiru akapitia hapo.

"Mtani, maji haya yana uzito wa lori zima la mahindi. Ukiyaweka juu ya udongo wa kujaza, utakwenda kuogea kwa jirani."

"Wewe umezoea tambarare za korosho," mzee akajibu. "Kamwinuko kadogo tu kanakutia kizunguzungu. Jaza, mtani, au nikurudishe kwenu kwa mbio kama babu zangu walivyowarudisha babu zako."

Wakacheka. Onyo lilitolewa kwa kicheko, likapokewa kwa kicheko, likafia hapo katikati yao. Bashiru angaliweza kuufuta ule utani usoni na kusema, Baba, sasa nasema kweli. Hakusema. Akachukua koleo, akajaza.

Alishindilia kwa gogo siku tatu, akamwagia maji, akashindilia tena, akatandika mchanga, akalaza tofali la zege chini ya kila mguu wa chuma. Maboza mawili ya maji yakaja kulijaza bwawa, na kwa muda wa wiki mbili ilionekana kama kwamba kanuni imemsamehe. Kila asubuhi mzee alimshusha binti yake majini kwa kiti kilichofungwa kamba. Siku ya kwanza alining'inia tu. Siku ya sita alisema, "Baba, nasikia baridi kwenye nyayo," na mzee akaingia ndani, akakaa peke yake kitambo.

Siku Lidwina alipopiga hatua nne, Bashiru alikuwapo, na pimamaji hakuihitaji. Maji yenyewe yalimwonyesha: upande wa chini yalikuwa yamepanda vidole viwili kuelekea ukingo wa turubai, na mguu mmoja wa chuma umezama. Alipaswa kusema lifunguliwe, maji yamwagwe, kazi ianze upya, na mwezi mzima wa miguu ile upotee. Alimtazama Lidwina, ameshika bomba kwa mikono miwili, akihesabu hatua kwa sauti kama anavyowahesabisha wanafunzi wake. Akachomeka kipande cha tofali chini ya ule mguu. Akasema atakuja kupaimarisha mvua zikitulia, inshallah. Akamtwika Mola ahadi iliyokuwa wajibu wake mwenyewe.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku mbili, ikakatika asubuhi ya tatu. Mzee akampigia simu: Lidwina ameshaingia majini, amefika hatua tisa, njoo uone. Bashiru alikuwa akipanda njia ya nyumba ile aliposikia mlio kama wa kitambaa kipya kikichanwa, kisha kishindo, kisha maji mekundu yakamjia miguuni.

Bwawa lilikuwa limefumuka kwa muda wa pumzi moja. Lidwina alikuwa ameshika bomba la upande wa chini. Maji yalimvusha ukingo wa mawe, yakamlaza juu ya matofali, na kichwa ndicho kilichotangulia kufika. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ukoo ukaamua alale kando ya mama yake. Msibani pale watani ndio hushika majembe, na hutarajiwa kuchokoza wafiwa wapate kupumua. Bashiru alifika baada ya sala ya alfajiri, kabla ya watu, akamkuta mzee ameketi uwanjani, lile turubai limelala mbele yake kama ngozi.

"Shikamoo baba."

Mzee hakuitikia.

"Baba, nilijua. Maji yalinionyesha tangu siku ile ya hatua nne, nikanyamaza."

Kuku wakaanza kushuka mtini. "Uliniambia," mzee akasema. "Siku ya kwanza. Nikadhani ni utani."

"Haukuwa utani."

"Basi ungesema."

Akainuka kwa shida, akaenda hadi hatua tatu kutoka kwenye msalaba, akachora mstari kwa ncha ya bakora yake. "Kata hapa," akasema.

Watu walipokusanyika walimkuta Bashiru yumo kazini. Wapo waliosogea wakisubiri mtani aanze maneno yake. Wakasubiri, kisha wakatawanyika kimyakimya wakaketi. Yeye alikuwa akipiga jembe na jembe likimrudi. Udongo wa mahali pale ulikuwa mwekundu, mkavu chini ya unyevu wa juu, mgumu kama uliochomwa. Kila pigo lilibandua kipande kidogo tu, na ilimchukua hadi adhuhuri kufika kiunoni.