Anwani ya Benki ya Damu

Alirudi kazini siku chache baada ya kumzika dada yake. Wenzake walimpa pole, naye akajibu "nimeshapoa", kama mtu anavyojibu salamu, kisha akawasha kompyuta.

Kazi yake ilikuwa kutunza programu ya benki ya damu. Muuguzi aliyehitaji damu alibonyeza kitufe wodini, ombi likaenda moja kwa moja kwenye seva ya benki. Mtunza programu huyu alipokuwa msibani, seva ilihamishiwa jengo jipya na kupewa anwani mpya, na hakuna aliyekumbuka kuzijulisha hospitali zilizotumia programu hiyo. Maombi yalikuwa yakibisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Simu za wauguzi hazikukoma.

Mkuu wao, waliyemwita Miwani kwa sababu aliitafuta miwani yake kila mara ikiwa juu ya kichwa chake, alitaka anwani mpya iandikwe upesi ndani ya programu na nakala zisambazwe. Mtunza programu alikataa bila kuinua sauti. Alieleza kwamba anwani ikishonewa ndani, seva ikihama tena watarudi palepale. Afadhali programu iisome kwenye faili la mipangilio kila inapotuma ombi. Siku wakihama watabadilisha mstari mmoja tu, hata muuguzi anaweza kuelekezwa kwa simu.

"Na wagonjwa wa sasa hivi?" Miwani aliuliza.

"Mpokee maombi kwa simu mpaka nimalize."

Vidole vilifanya kazi vyenyewe. Chai ikapoa pembeni yake. Kwanza aliweka anwani ya uongo makusudi, programu ikalalamika kama ilivyotakiwa. Akaweka ya kweli, akazipelekea hospitali nakala.

Ombi la kwanza lilitoka wodi ya wazazi. Miwani akashusha pumzi. Yeye aliyasoma maneno yale: wodi ya wazazi. Dada yake alifia kwenye wodi kama ile, mji mwingine. Damu ilikuwepo, madaktari walikuwepo, hata hivyo akafa. Akafungua ombi lililofuata.

Mchana muuguzi alipiga simu kushukuru. Mzazi alikuwa amepona, na mtoto mzima. Akajibu, "Vizuri," kisha akauliza kama programu inafunguka polepole. Muuguzi akasema hapana.

Nyumbani alimkuta mama yake amempakata mtoto wa marehemu, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Mama, sijatoa hata chozi. Nina nini?"

"Huna kitu, mwanangu. Alipokufa baba yako, mimi nilifua nguo wiki nzima, hata zilizo safi. Watu walidhani nimefurahi."

Alimpokea mtoto ili mama akalale. Mtoto alikuwa amelowa. Akamvisha nepi, ikakaa mbele nyuma, akaivua na kuanza upya.