Kiraka cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alifanya kazi kwenye mabwawa ya samaki miaka thelathini, mpaka wenzake wakamwita Kambare. Mwaka jana kiharusi kikamwangusha bafuni. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakamkauka mdomoni. Alibakiwa na "ee" na "aa", na macho yanayokufuata chumba kizima. Kazi yake nikaichukua mimi, pamoja na gambuti lake la kifuani: ile suruali ya mpira iliyoungana na buti, yenye mikanda ya mabegani, tunayovaa tukiingia bwawani kuvuta nyavu.

Lilikuwa linavuja. Kila jioni nilirudi soksi ya kushoto imelowa chapachapa. Mke wangu akasema ninunue jipya. "Ukiugua nani atakuuguza? Mimi tayari nina mgonjwa wangu."

Jumamosi mchana nikalikunja, nikaenda nalo ukweni.

Niseme ukweli, yule mzee nilikuwa namwogopa. Nilipokwenda kuposa aliniuliza kama najua kuogelea. Nikasema hapana. Akageukia redio yake. Na alipougua, nilikuwa nikifika nampa shikamoo, kisha nakaa kwenye kochi kama mgeni wa kuja kupima mita ya umeme, mpaka muda wa kuaga.

Siku hiyo nikamwekea gambuti mapajani. "Baba, linavuja. Sijui wapi."

Akalipapasa. Akalinusa. Kisha kwa mkono wa kushoto akanyooshea pazia kidole. Nikafunga. Mlango, nikafunga. Tochi juu ya kabati. Nikaiwasha, nikaitumbukiza ndani ya mguu wa gambuti. Chumba kilikuwa giza, na mpira mweusi tii, ila chini ya goti viling'aa vitundu vitatu, vidogo kama vya sindano.

"Ee!" mzee akasema. Akaomba kalamu kwa vidole, akavizungushia duara.

Tukafungua pazia, kazi ikaanza. Alinielekeza kwa kidole na nyusi. Nikasugua mpira kwa msasa mpaka ukapoteza mng'ao, nikafuta vumbi kwa spiriti. Nilipokata kiraka cha mraba, alikikwangua pembeni kwa ukucha kunionyesha kitakapoanzia kubanduka. Nikakikata upya, mviringo. Mama mkwe alikuwa ameshika trei ya chai mlangoni, anatutazama.

Nikapaka gundi kwenye kiraka na kwenye mpira, nikataka kubandika. Akanichapa kiganja. Nikadhani nimekiweka kombo. Nikakinyoosha, nikajaribu tena. Mishipa ikamtoka shingoni, mdomo ukapinda, na sauti ikatoka kama bawaba yenye kutu:

"Ngo-ja!"

Trei ikatikisika. "Umesema nini?" mama mkwe akauliza.

"Ngoja," mzee akarudia kwa hasira, kana kwamba sisi ndio viziwi. "Gu-ndi."

Mama mkwe akatua trei, akaketi sakafuni, akilia na kucheka kwa pamoja. "Miezi saba nakubembeleza uniite jina tu, mume wangu. Kumbe neno ulikuwa nalo, unamwekea mkweo umfokee!"

Mzee akacheka upande mmoja wa uso. Akamnyooshea ule mkono mzima. Mama akaushika, akauweka shavuni na gundi yake yote.

Tukangoja. Gundi ilipokauka kiasi cha kutonata kidoleni, tukabandika, yeye kwa dole gumba moja, mimi kwa mikono miwili. Juu yake tukaweka pasi ya baridi, ikalala hapo hadi asubuhi.

Jumatatu niliingia bwawani hadi kifuani, nikatoka mkavu. Wenzangu wakauliza fundi ni nani. Jumamosi iliyofuata nikapeleka magambuti yao mawili, na Jumamosi nyingine manne. Maneno ya mzee yalirudi kwa kudonadona, mengi yakiwa ya kunigomba: "nyembamba," "polepole," "mjinga wewe." Hilo la mwisho alilitamka vizuri kuliko yote.

Jina la mkewe lilikuja mwezi wa tatu tangu siku ile ya gundi, alipokuwa akimwomba mkasi. Mama mkwe akauficha mkasi nyuma ya mgongo.

"Sijasikia," akamwambia. "Hebu rudia."

Mzee akarudia mara nne.